Fundi Hewa

Kwenye keki ya kuniaga mliandika "Fundi Hewa", na mgeni rasmi akaniinamia akauliza kwa sauti ya chini kama ni kweli karakana hii iliwahi kuwa na mfanyakazi hewa. Nilimjibu kuwa ndiyo, tena ndiye huyu anayekula kipande cha pili. Basi kwa yeyote atakayezisoma karatasi hizi bila kunijua, niseme mapema kwamba nilikuwepo. Jina langu ni Domitila, mama Editha kwa wanaonizoea, mzaliwa wa Ngara. Kwa miaka thelathini na mmoja kazi yangu ilikuwa kutengeneza mivukuto na feni za wahunzi, yaani kuupa moto pumzi. Mhunzi husifiwa kwa jembe lake. Anayempelekea hewa hukumbukwa siku hewa inapokatika.

Mmeniomba niwaachie maandishi. Habari za vyeo zimo kwenye faili langu, na faili lina vumbi la kutosha, tuliache lilale. Nitaandika mambo mtakayokutana nayo kazini, na nitaandika juu ya kosa moja nililolifanya Nyakisasa nikiwa bado mgeni, ambalo lilinifuata karibu miaka yote hiyo. Kosa lenyewe nilijifunza kuishi nalo. Kilichonikosesha raha ni jina walilolipa.

Niliingia karakanani, hapa Nyamiaga, kama mshona ngozi. Baba yangu alikuwa fundi viatu sokoni, na mimi nilijua sindano nene, uzi wa nta na kukaa chini muda mrefu bila kulalamika. Nilidhani nitashona siti za baiskeli na mikoba ya mafundi. Siku ya kwanza, Fundi Anselmi, aliyekuwa mkuu wa karakana, mtu mfupi mwenye desturi ya kukohoa kabla ya kusema jambo la maana, aliniwekea mbele kitu nilichokuwa nimekiona kwa mbali tu tangu utotoni. Lilikuwa gogo la mti mwepesi lililochongwa mabakuli mawili. Kila bakuli lilifunikwa ngozi ya mbuzi iliyolegea, na katikati ya kila ngozi palifungwa kijiti kirefu. Anayevukuta hukaa nyuma, hushika vijiti viwili, kimoja kikipanda kingine kinashuka, na hewa hutokea mbele kwa midomo miwili. Kwa Kihangaza huitwa umuvuba.

"Inavuja wapi?" Anselmi akaniuliza.

Nikasogeza sikio. Akakohoa.

"Sikio ni la kusikilizia maneno ya watu," akasema. "Lowesha shavu."

Nikalowesha shavu kwa maji, nikalipitisha juu ya ngozi taratibu huku yeye akivukuta, na kila penye tundu nikahisi baridi ndogo kama ncha ya sindano. Tulipata matundu saba kabla ya chai. Hadi leo sijaona chombo kinachoshinda shavu lililolowa, na halihitaji betri.

Siku hizo hizo nilijifunza ngozi. Ngozi ya beberu ni nene, ngumu kukunja, na harufu yake utaenda nayo kanisani Jumapili. Chukua ya mbuzi jike, uikwangue ikiwa bado mbichi, uikaushe kivulini, kisha uipake mafuta ya nyonyo. Usipake samli. Nilipaka samli mara moja, ngozi ikalainika vizuri ajabu, na asubuhi yake panya walikuwa wamebakiza mishono tu. Anselmi hakunisema. Alikwenda kumwita kila mtu wa karakana aje aone mishono yangu ilivyokuwa imara.

Mwezi wangu wa tano kazini, Anselmi alikuwa safarini Biharamulo, ikaja habari kwamba mivukuto ya Mzee Venansi wa Nyakisasa imechoka. Mzee Venansi alikuwa mhunzi wa majembe na mapanga. Baba yake alikuwa mhunzi, na babu yake vilevile. Zilikuwa zimebaki wiki chache mvua za kupandia zianze, na watu walikuwa wameshapanga majembe yao butu mlangoni kwake. Nikafunga ngozi mbili na sindano zangu kwenye keria ya baiskeli, nikaenda.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fundi yuko wapi?"

"Ni mimi."

Akatazama nyuma yangu, kisha akaitazama keria, huenda fundi nimemfunga pamoja na ngozi.

"Wewe ni mwanamuke," akasema. Hapo sikuwa na la kubishia.

Lazima niseme kwamba alinieleza mwiko wao kwa heshima. Mlango wa nyumba ya uhunzi ya ukoo wake hauvukwi na mwanamke, na moto ukishawaka mwanamke hagusi umuvuba. Mkewe mwenyewe, miaka yote ya ndoa yao, alikuwa akimwekea chakula nje, juu ya jiwe.

"Sikudharau, mama," akasema. "Rakini nirivyokuta ndivyo nitakavyoacha."

Tukaelewana. Mivukuto ikatolewa nje, nikakaa migombani nikaishona kutwa nzima. Ilipokwisha, mdogo wake aitwaye Bazili, mtu mzima mpole ambaye ndiye aliyekuwa akivukuta, akairudisha ndani na kuipanga mbele ya moto. Kuta za nyumba ile zilikuwa za fito zisizokandikwa udongo, kwa hiyo kutoka nje niliona kila kitu. Na hapo nikaona kitu kilichonikera. Kati ya midomo ya mivukuto na bomba la udongo linaloingia motoni palikuwa na mwanya. Vidole viwili vinapita. Nimeshinda kutwa nikiziba matundu ya ukubwa wa sindano, halafu hewa yote ipotelee hapo? Nikakanda udongo vizuri, nikampitishia Bazili katikati ya fito, nikamwambia azibe.

Bazili akasita. "Huwa hatuzibi hapa," akasema.

"Ziba," nikamwambia, kwa sauti ya mtu aliyesomeshwa karakanani miezi mitano mizima.

Akaziba. Mzee Venansi alikuwa mlangoni akipokea jembe la mtu, hakuona. Bazili akavukuta mara nne, moto ukanguruma, nami nikajiona mhandisi. Mara ya tano au ya sita ikatoka harufu ya nywele zinazoungua. Mivukuto ya namna ile haina mlango wa kuingizia hewa. Ngozi inapovutwa juu, hewa mpya huingilia kwenye ule mwanya. Nilipouziba, pumzi haikuwa na pengine pa kuingilia isipokuwa motoni kwenyewe, na ikavuta moto. Ngozi zangu mpya zikatoboka kuanzia katikati, gogo likaanza kufuka moshi, Bazili akatoka mbio huku akipuliza viganja.

Pale nje palikuwa na watu kumi na zaidi na majembe yao. Nilipaza sauti, "Ni udongo! Nimeziba mahali pasipozibwa!" Hakuna aliyenisikia, kwa sababu mzee mmoja alikuwa ameshasema lake: "Mwanamuke kagusa umuvuba." Neno likatembea mdomo hadi mdomo mpaka likawa ndiyo habari yenyewe. Mzee Venansi akaumwagia moto maji kwa mkono wake. Hakunigombeza, na ningefurahi kama angenigombeza. Alisema tu, "Nenda nyumbani, mama." Watu wakabeba majembe yao wakaondoka, na nilijua baadhi yao watalima msimu ule kwa majembe butu kwa sababu yangu.

Nililia njia nzima kurudi Nyamiaga, na sikuwa nalilia kosa. Fundi hukosea. Lakini kwa macho ya watu wale mimi sikukosea, mimi nilileta nuksi. Kosa lina dawa: unalitambua, unalirekebisha, hurudii. Nuksi haina dawa, maana haitokani na ulichofanya, inatokana na ulivyozaliwa. Nilitaka kosa langu liitwe kosa. Nilitaka nihesabiwe miongoni mwa watu wenye haki ya kukosea. Kabla sijaegesha baiskeli nilikuwa nimeshaapa kwamba Mzee Venansi ataniita fundi kwa mdomo wake mwenyewe, hata kama itanichukua mpaka siku ya kustaafu. Wakati mwingine mtu aape kwa uangalifu.

Anselmi aliporudi nilimweleza yote. Alikohoa kwa muda mrefu nikajua anacheka.

"Ukimziba mtu pua atavutia mdomo," akasema. "Mdomo wa umuvuba uko wapi?"

"Motoni."

"Basi. Wazee wale waliuacha ule mwanya kwa makusudi, ndiyo mlango wao. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kaa chini tutengeneze mlango wa aina nyingine."

Tukajenga mivukuto ya sanduku, ya mbao na ngozi, yenye kile tunachokiita ulimi: kipande cha ngozi ndani ya tundu, kinachofunguka hewa inapoingia na kujifunga inapotaka kurudi. Ninyi mnaukata ulimi kwa dakika mbili na kuendelea na stori za mpira. Mimi wa kwanza niliukata mara kumi na moja. Ukiwa mzito haufunguki, ukiwa mwembamba mno unajikunja na kunasa. Uliokatwa vizuri unapiga makofi madogo, na ukinyamaza ujue umekauka, upake mafuta. Kila mwanafunzi niliyemfundisha nilimwanzishia hapo, na kila mmoja alidhani namwonea.

Mhunzi wa kwanza aliyenipokea bila kutafuta mtu nyuma yangu alikuwa Mabula wa Nemba, kule Biharamulo. Mabula alikuwa Msukuma aliyehamia na ng'ombe zake kutoka Shinyanga, na kazi yake kubwa ilikuwa plau za wakulima wenzake. Nilipofika nilisimama nje ya banda lake kwa mazoea, nikauliza kama naruhusiwa kuingia.

"Kalibu, mama," akasema. "Hapa kwetu shelia ni moja tu, ng'ombe asiingie."

Plau si jembe la mkono. Mabula alikuwa akifua vyuma vya springi za malori, vinene, na mivukuto ya ngozi ilikuwa ikimchosha mvukutaji kabla chuma hakijachoka. Nikamjengea feni. Nilichukua gurudumu la baiskeli na pedali zake, nikakata mkanda kutoka tyubu ya lori, nikatengeneza mapanga ya bati na kuyafungia ndani ya kasha lililojikunja kama konokono. Ukikanyaga pedali, feni inavuma kwa nguvu ya kukuvua kofia. Nilijivuna sana. Mabula akatia chuma motoni, tukasubiri, chuma kikabaki na wekundu wa nyanya mbovu.

"Kelele ipo," akasema. "Joto halijafika. Bado liko njiani?"

Lilikuwa njiani kweli. Ili banda lipendeze, nilikuwa nimelizungusha bomba ukutani, likapinda kona tatu. Nilihangaika siku tatu nikibadilisha mapanga, mkanda na kasha, kila kitu isipokuwa lile bomba nililolipenda. Siku ya nne Mabula aliniambia tukaswage ng'ombe wake kwenda mtoni, nikaona anavyokwepa njia yenye kona. "Kila kona ng'ombe anasimama kufikili," akasema. Nilirudi bandani nikang'oa bomba lote, nikachimba mtaro ulionyooka kutoka kwenye feni hadi chini ya moto, nikalaza bomba pana na kulibana mwishoni tu. Jioni ile chuma kilitoka motoni cheupe, cheche zinaruka, na Mabula akapiga kelele ya furaha ambayo ng'ombe waliitikia.

Kumbukeni hilo kuliko yote ya kiufundi humu: bomba nyoofu, bomba pana, libanwe mwishoni. Likipendeza kwa macho, lichunguzeni mara mbili.

Miaka hiyo yote, kila nilipopita njia ya Nyakisasa, nilikwenda kumsalimia Mzee Venansi. Nilisimama nje, upande wa jiwe la chakula. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, mama Editha. Nyumbani hawajambo?" "Hawajambo. Moto unaendeleaje?" "Unawaka." Alikuwa amepata mivukuto mingine kwa fundi wa mbali. Mara nyingine nilimweleza mambo ya ulimi na feni, naye alisikiliza akitazama migomba. Hakuwahi kunifukuza, na hakuwahi kuniita kingine zaidi ya mama. Ni jina zuri, nimelitafuta kwa uchungu wa kuzaa, lakini si hilo nililolifuata kwake.

Mwaka wangu wa tisa kazini ikaja barua, ameandika mwenyewe. Ilisema hivi: "Mama Editha, kifua kimemshinda Bazili. Wanangu wako mbari. Njoo upesi, mahari iko tayari. Ni mimi Venansi."

Mume wangu Stanslaus, ambaye ni mwalimu wa shule ya msingi, aliisoma mara tatu. Kisha akachukua kalamu yake nyekundu, akalizungushia duara neno moja.

"Mzee mzima," akasema, "ametoa mahari, na mimi hajaniuliza."

Karakanani ilikuwa balaa. Anselmi alinishauri nisikubali chini ya ng'ombe kumi, kwa kuwa ninajua kushona. Ninyi mliozaliwa hapa mnajua ulimi wetu unavyozichanganya ile herufi ya "lala" na ile ya "rudi", na mzee aliandika kama alivyosema. Ilikuwa mahali, si mahari. Nilipofika nilikuta amesafisha uwanja nyuma ya nyumba ya uhunzi, amesimamisha nguzo nne na bati juu, na ukutani, chini kabisa, ametoboa tundu la ukubwa wa bomba.

"Nimefikiri sana," akasema. "Mwiko unataja umuvuba, feni haitajwi. Unataja mrango. Ukuta hautajwi."

Nilimtazama mzee yule mgumu, aliyekaa miaka akitafuta tundu katika sheria ya babu yake mpaka akalitoboa mwenyewe, na nikampenda kuanzia siku ile.

Nikachimba mtaro ulionyooka chini ya ukuta, nikalaza bomba, nikafunga feni ya pedali nyuma. Feni ya namna hiyo ni nyepesi, hata Bazili mwenye kifua angeweza kuikanyaga polepole akipata nafuu. Siku ya kwanza bado alikuwa kitandani, kwa hiyo nilikanyaga mwenyewe. Mzee alikuwa ndani, mimi nje, na tulikuwa tukisemezana kupitia bomba. "Ongeza!" sauti yake ikaja kutoka chini ya ardhi. "Basi! Ongeza tena!" Kuta zilikuwa zimeshakandikwa, sikuona chochote, lakini nilisikia nyundo ikianza, na nikajua kwa mlio wake kwamba chuma kimelainika. Alifua majembe kumi na moja siku ile. Nilishuka kwenye pedali nimejaa furaha.

Watu waliokuja kuchukua majembe wakasema, "Karakana wameleta mtambo mzuri." Mzee akaniambia, "Asante, mama." Wiki chache baadaye mkanda ulikatika, jambo la kawaida kabisa, mikanda ya tyubu hukatika. Nilipofika kuubadilisha nilimkuta yule yule mzee wa siku ya moto, anawaambia wenzake, "Nirisema mimi. Umuvuba wa mwanamuke." Ikawa hivyo miaka mingi. Kazi ikienda vizuri ni ya karakana, ikiharibika ni ya mwanamke. Sikubishana. Nilikuwa nikifunga mkanda, nikimsalimia kila mmoja, nikirudi Nyamiaga kuboresha kitu kingine. Niliweka chujio la vumbi mbele ya feni. Niliweka kizibo cha kupunguzia hewa ndani, kwenye bomba, ili mhunzi asilazimike kupiga kelele. Hicho kilifungwa na Bazili kwa maelekezo yangu, mimi nikiwa nje, mdomo wangu kwenye tundu la bomba. Nilitumia mikono ya watu wengi ndani ya ile nyumba kwa namna hiyo, na mikono yangu mwenyewe ikabaki nje.

Anselmi alistaafu, nasi tukamzika miaka michache baadaye. Bazili naye alitutoka. Mabula alirudi Shinyanga na kuwaachia wanawe banda. Nilifundisha wengi, baadhi yenu mmo humu, na mnajua nani kati yenu alipaka samli.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, umeme ulikuwa umeshafika Nyakisasa, na jirani ya nyumba ya uhunzi palikuwa na mashine ya kusaga. Mzee Venansi alikuwa hashiki tena nyundo. Alikuwa akikaa ndani kwenye kigoda, macho yamefifia, na mpwa wake Renatus, mtu mwenye watoto wakubwa, ndiye aliyekuwa akifua. Renatus akaomba feni ya umeme. Nilijua ndiyo kazi yangu ya mwisho pale, na niliitengeneza kuliko nilivyowahi kutengeneza kitu chochote: kasha la chuma, mapanga yaliyopimwa uzito moja moja, bomba lile lile nyoofu.

Fundi wa mashine ya kusaga akaunganisha nyaya tatu za mota kwenye swichi, ndani ya nyumba. Akawasha, feni ikavuma. Huku nje, kabla sijaliunga bomba, nikaweka mkono kwenye mdomo wa kasha, hewa ikatoka, nikaridhika. Upande wa mota nikaufunika bati na kulipiga riveti kuzuia mvua, kwa kuwa msimu ulikuwa umekaribia na watu walikuwa na majembe yao mlangoni. Fundi wa mashine akaenda zake.

Renatus akatia chuma motoni. Tukasubiri. Chuma kikawa na wekundu wa giza, kikagomea hapo. Akaongeza mkaa, kikagoma. Waliokuja kuutazama mtambo wa umeme wakaanza kutazamana. Nilikuwa nyuma ya ukuta, nimeshika kasha kwa mikono miwili nikihisi mtikisiko wake, na sikuelewa. Nilitoka nikazunguka hadi mbele ya mlango, nikasimama upande wangu wa siku zote. Ndipo mwanaume mmoja, mtoto wa yule mzee wa zamani, akalitoa neno alilorithi.

"Si ni yule mama? Baba arikuwa anasema."

Nilihisi miaka yote ikinishuka mabegani. Nilifikiria kuondoka kimya kimya, nikachukue baiskeli yangu, nistaafu wiki chache kabla ya wakati.

Ndani fimbo ikagonga chini. Mzee Venansi akaja polepole hadi mlangoni, akashika mwimo, akamtafuta msemaji kwa yale macho yake yaliyofifia.

"Mama gani?" akauliza. "Nataka kujua, mama gani unayemusema?"

Mtu yule akarudi nyuma ya wenzake.

"Hiyo feni inazunguka kinyume. Nimekaa hapa naisikiriza, inapiga makerere bira kazi. Hakuna mama hapo, wara hakuna nuksi. Ni nyaya." Kisha akanigeukia, amekasirika kweli kweli, mate yanamtoka. "Fundi! Umekosea!"

Vijana, alikuwa na haki, na hili mliandike. Feni ya kasha ikizunguka kinyume haivuti hewa kurudi nyuma. Bado inapuliza mbele, ila kwa unyonge, na mkono wako utadanganyika kama wangu ulivyodanganyika. Choreni mshale kwenye kasha na muuamini mshale. Dawa ni kubadilishana nyaya mbili kati ya tatu. Niliyajua haya yote. Niliyafundisha. Siku ile nilikuwa na haraka ya kumaliza vizuri, nikapiga riveti kabla ya kutazama. Lilikuwa kosa la fundi kutoka mwanzo hadi mwisho, na mhunzi mkubwa kuliko wote niliowafanyia kazi alikuwa amelitaja kwa jina lake mbele ya watu.

Kwa kuwa upande wa mota ulikuwa umefungwa, pa kubadilishia palikuwa swichini, ndani. Nikamwita Renatus ashike bisibisi ili nimwelekeze kutoka nje kama nilivyozoea.

"Acha," Mzee Venansi akasema. "Renatus anajua chuma, nyaya hazijui. Umekosea mwenyewe, tengeneza mwenyewe. Watu wanataka majembe yao."

Akasogea pembeni, akauacha mlango wazi.

Machozi yalikuwa yakinitoka na sikuwa na mkono wa kuyafuta, mmoja una bisibisi, wa pili una tesita. Nilimwambia Renatus azime kwanza swichi kubwa kule kwenye mashine ya kusaga, maana kufa kwa shoti siku kama ile kungekuwa upuuzi mkubwa. Akaenda, akazima, akarudi kunihakikishia. Mlango ule ni mfupi. Nikainama, nikaingia kurekebisha kosa langu.